Udongo wa Paa la Tembe

Mke wangu alipofariki sikulia. Watu walinitazama mimi, mimi nikatazama paa. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa bapa la udongo, na udongo ule huongezwa kila mwaka kabla ya mvua. Wengine hukwangua wa zamani kwanza. Sisi tuliongeza tu. Shule mimi niliishia darasa la pili, sababu ya ng'ombe, lakini hilo tuliache.

Vitu vyake vilibaki chumba cha ndani: kilindo cha gome la mti chenye mtama wake mwekundu, vitenge, kibuyu cha mbegu. Sikutaka kiguswe hata kimoja.

Mjukuu wangu wa kike anasoma fizikia chuo kikuu, hapo mjini. Akaja, akaona boriti zilivyopinda.

"Shikamoo, mume wangu. Tutoe vitu vya bibi, twende mjini, Chang'ombe, kwa mama."

"Marahaba. Mke gani anamhamisha mumewe?"

Akacheka, akakalia kinu. Akasema chuoni wanafundishwa kwamba hata vurugu ina kikomo. Vurugu ni zile namna zote vitu vya ndani vinavyoweza kukaa, na wewe wa nje usijue ni ipi. Kila mahali, hata huko angani, hubeba kiasi chake, na kiasi hicho hakipimwi kwa nafasi ya tumboni, hupimwa kwa upana wa ngozi ya nje. Ukizidi kushindilia, uzito unajivuta wenyewe, panaporomoka, panakuwa shimo jeusi lisilotoa hata mwanga.

"Kama paa lako hili."

"Paa hili lilikuwepo mama yako hajazaliwa."

"Ndiyo maana, babu."

Mwaka ule nikapandisha udongo tena. Mvua kubwa ya kwanza, paa likaingia ndani. Nilikuwa nje na mbuzi. Nikasikia kishindo, kama gunia limetupwa chini. Nikamaliza kuwafunga mbuzi kwanza.

Sasa nakaa Chang'ombe, chini ya bati. Siku moja nikamwuliza mjukuu: kilichoangukia shimo lile jeusi kimepotea? Akakuna kichwa. Akasema wakubwa wao wamebishana sana. Wengi wanaona hakipotei, huenda kimeandikwa juu ya ngozi ya shimo, ila hakuna anayejua kukisoma.

Tukaenda kijijini. Tembe imekuwa kichuguu. Juu yake mtama umeota ovyo ovyo, ule mwekundu.

"Wa bibi?"

"Wake."

Akalia. Nami nikajaribu, nisimwache peke yake. Haikuja. Nikavunja suke moja, nikatia mfukoni, tukarudi.