Sauti Yangu Kwenye Maktaba ya Muziki

Kwenye kwaya yetu ya Kashojwa wimbo hauna mtunzi. Mtu huleta sauti isiyo na maneno aliyoipata kwenye gitaa, kina mama huweka maneno, mpiga ngoma hugeuza mwendo, na mchungaji akishauombea, hakuna anayekumbuka tena nani alianza. Nimekua na desturi hiyo tangu tufike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu ya Kusini. Ilinifaa, kwa sababu mimi huona haya kutajwa.

Maktaba ya muziki nayo ilinifaa kwa sababu hiyohiyo. Aliyenieleza habari zake ni fundi mmoja Mwislamu wa Mbarara, mwenye studio ndogo nyuma ya duka la vitambaa. Alisema kuna kampuni ng'ambo inayokusanya vipande vya muziki visivyo na maneno. Wanaotengeneza filamu na matangazo huenda kuchagua humo, wanalipia, na sehemu ya malipo humrudia mtunzi. Hupandi jukwaani. Hakuna anayekuona uso.

"Wewe piga gitaa tu, ssebo," aliniambia, yaani bwana. "Kuongea, mimi nitaongea."

Nikapiga. Kipande kimoja kilikuwa ile sauti niliyoipelekea kwaya, ambayo kina mama waliifanya wimbo wa kuwafariji wafiwa. Fundi aliniuliza kama ni yangu peke yangu. Nikafikiri: maneno ni ya kina mama, nimeyaacha Kashojwa; vidole ni vyangu. Kwa akili yangu wimbo ulikuwa maneno. Ukiyatoa, linabaki gitaa. Nikasema ndiyo.

Pesa zikaanza kuingia kwenye simu, kidogo kidogo, bila utaratibu. Mama alinunua mabati, na mvua ikanyesha usiku bila sisi kuhamisha magodoro. Niliona nimepata kazi ninayoiweza.

Kisha kwaya ikatengeneza video ya wimbo ule wa wafiwa. Walishona sare, wakapigwa picha kilimani, juu ya ziwa, wakaiweka mtandaoni ili ndugu waliobaki Kongo na waliohamishiwa Amerika waione. Haikukaa. Mashine ya mtandao iliusikia muziki, ikasema ni mali ya maktaba, ikaiondoa video. Na jina la mtunzi lililoandikwa pale lilikuwa langu.

Prezida wa kwaya, mama anayeuza dagaa sokoni Base Camp, aliniita mezani kwake.

"Mutoto wangu, banasema tumeiba. Tumeiba kwa nani?"

Nilitazama dagaa.

"Kwa wewe!" akajijibu.

Muuza nyanya wa jirani akadakia, "Mama prezida ni mwizi leo! Mumukamate, polisi iko karibu!"

Watu wakacheka. Mama prezida hakucheka.

"Uliuzisha?"

"Niliuza gitaa tu, mama. Maneno sikugusa."

"Kwenye kilio tunaimbaka bila gitaa. Ile sauti tunaitoaka wapi? Mu dagaa?"

Kesho yake nilikwenda Mbarara. Fundi hakushangaa. Alisema kipande hakiwezi kutolewa, mkataba ni wa miaka, lakini mtunzi akiomba, maktaba inaweza kuiachia video moja.

"Rahisi sana! Unasema, hawa watu mimi nimewapa ruhusa. Inaisha."

Akaandika palepale kwa niaba yangu. Jibu lilikuja haraka: kwaya irudishe video yake, kwa ruhusa ya mtunzi.

Nilipeleka habari hiyo kwenye mazoezi nikidhani ni njema. Nilisema kwa sauti ndogo hata mama prezida akaniambia nirudie. Nilivyorudia, nikayasikia maneno yenyewe: ruhusa ya mtunzi.

"Basi tukienda kwenye kilio," mpiga ngoma akasema, "tutapitia kwako kwanza? Tupige hodi?"

"Patron, utupatie na ruhusa ya kukohoa!" akasema mwingine nyuma.

Mama prezida aliwanyamazisha. "Hakutaka mabaya. Lakini mimi siwezi kumuimbia mufiwa wimbo ya ruhusa."

Video hawakuirudisha. Hakuna aliyenifukuza pia. Kila Jumapili nilikwenda nikiogopa kukuta kiti changu kimeondolewa, na kila Jumapili nilikikuta. Wimbo ule tu ndio haukuimbwa. Nilianza kuona afadhali hivyo.

Halafu jirani mmoja akafiwa na mume, tukaitwa kwenye ibada ya kumfariji. Mama prezida alisimama mbele ya mjane, akafungua kinywa, na maneno yakatoka, yaleyale, juu ya sauti nyingine. Pale yangu ilipopanda, hii ilishuka. Kwaya nzima iliijua. Walikuwa wamejifunza bila mimi.

Gitaa lilikuwa magotini. Nikajaribu sauti moja, ikakataa. Nikajaribu nyingine. Mjane aliinua macho akanitazama, nikazishika nyuzi zinyamaze.

Mpiga ngoma aliinama kwangu bila kuacha kupiga.

"Sol," akaninong'oneza jina la noti. "Inaanziaka mu sol."

Nikaweka vidole kwenye sol. Wao walikuwa wameshapita.