Utulivu wa Saa Sita

Tsuru Karimata alikuwa na miaka sabini na minne, na hamsini kati ya hiyo ameishi katika nyumba moja ya zege karibu na ufuko wa kisiwa cha Miyako, kusini mwa Japani. Tufani alishazizoea. Kilichomshinda ni mumewe, Genkichi, ambaye akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, mwaka wa tatu sasa.

Asubuhi moja ya Septemba, tufani ilipoanza kuvuma, alifunga mlango kwa komeo, akaongeza waya, kwa kuwa komeo Genkichi aliweza kulifungua. Wakaketi dirishani kutazama bahari ikipanda barabarani.

"Dada, nani huyo anabisha?" Genkichi aliuliza. Siku hizi alimwita dada, na Tsuru alikuwa ameacha kumsahihisha.

"Upepo. Kula viazi."

"Upepo gani una ngumi hivyo? Mbuzi huyo, anataka kuingia."

"Mbuzi ana akili kukushinda. Ashalala bandani zamani."

Genkichi akacheka hadi machozi.

Saa sita upepo ukakatika ghafla, jua likawaka. Jicho la tufani lilikuwa juu yao. Jirani yao, Toyomi, akaita kutoka uani kwake: "Mama Karimata, mko hai?"

Tsuru akafungua mlango. "Tupo! Ingia ndani wewe, bado nusu ya tufani!"

Alipofunga, alirudisha komeo tu. Maji yalikuwa yanaingia jikoni, akakimbilia matambara. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi. Viatu vya Genkichi vilikuwa palepale.

Akakimbia bandani. Mbuzi alikuwapo, Genkichi hayupo. Akaita hadi sauti ikakauka. Toyomi akaja mbio, akamshika kiunoni.

"Mama, rudi! Tazama kule!"

Baharini wingu jeusi lilikuwa linakuja limesimama kama ukuta.

"Niache! Hana hata viatu!"

Alimng'ata Toyomi mkono, lakini mwenzake alikuwa na nguvu zaidi. Akamburuta hadi ndani.

Saa nne nzima Tsuru alisimama kwenye dirisha la baharini. Kila ubao uliopita kwenye povu alidhani ni yeye. Jioni tufani ilipita, na watu wakatafuta ufuko mzima.

Walimpata siku ya pili, upande wa nyuma ya nyumba, ndani ya miwa iliyolala. Alikuwa kifudifudi, ameshika mashina kwa mikono yote miwili. Kutoka mlangoni zilikuwa hatua sitini.

"Mngekufa wote wawili," Toyomi alimwambia, mkono ukiwa bado na bendeji.

"Ningemkuta," Tsuru akajibu.

Hakumwambia neno jingine. Toyomi alileta wali kila siku, na kila siku akauchukua haujaguswa. Mwezi uliofuata binti yake Tsuru alikuja kumchukua kwenda Osaka. Toyomi alisimama barabarani kuwaaga. Tsuru alipita mbele yake akitazama chini, akaingia garini.