Mama Alipokwenda Vietnam Akarudi Kudai Jembe

Mama yangu alikuwa mtalii mara moja tu maishani mwake, na aliifanya kazi hiyo vibaya sana.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, madukani kulipoanza kuonekana kila kitu. Kaka yangu alikuwa na duka Kibiti, kando ya barabara iendayo Lindi. Aliuza baiskeli, redio, chupa za chai, majembe na sabuni za rangi zote. Tajiri wa Dar aliyekuwa akimuuzia mali kwa jumla alitaka kuwafurahisha wateja wake wazuri, akampa kaka zawadi ambayo pale Kibiti hakuna aliyewahi kuisikia: safari ya mapumziko ya watu wawili, kwenda kujionea utamaduni wa Vietnam, pamoja na mtu wa kuwatembeza. Wazee wa barazani walipoisikia habari hiyo waliuliza swali moja tu, kama vita ya huko imekwisha.

Kaka hakuweza kufunga duka, na wifi yangu alikuwa anakaribia kujifungua. Akaamua twende mama na mimi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni, lakini katika ukoo wetu hakukuwa na kingine.

Kaka alikuwa na lake. Baba alipofariki, alikwenda Mbuchi, kijijini kwetu kwenye delta, akapakia vyombo vya mama kwenye mashua na kumleta Kibiti. "Umelima vya kutosha, mama," alimwambia. "Sasa kaa, ule." Mji mzima ulimsifu. Na wifi yangu, Mungu amlipe, hakuwa na kasoro. Mama akishika ufagio, wifi anamnyang'anya. Akisogelea chungu, anaambiwa, "Kaa, mama, pumzika." Mama akakaa. Alikaa barazani akitazama mabasi, na kila aliyetoka delta alimwuliza kama maji yamepanda, kama ndege wameanza kushuka kwenye mpunga. Kidogo kidogo akaanza kukonda. Chakula alikionja tu akasukuma sahani. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Tuliogopa kwamba atatufia mikononi, na ninasema hivyo bila kutia chumvi.

Shamba la Mbuchi lilikuwa limeota matete. Kaka alikwisha kumpata mtu wa kulinunua, kilichobaki ni neno la mama. "Nikirudi huko mnakonipeleka, nitakupa jibu," mama alisema. Kaka alinivuta pembeni: "Mtembeze vizuri. Akirudi awe ameshalisahau."

Basi tukaenda. Ndege sitaisimulia, maana mama aliipanda akiwa amefumba macho na akateremka akiwa amefumba macho, midomo inasoma dua. Tulipofika katika mji mkubwa wa kusini mwa Vietnam tulipokewa na dada mmoja mwembamba aliyeshika kibendera cha manjano. Huyo ndiye aliyekuwa mtembeza wageni wetu. Alikuwa na ratiba, na ratiba ile aliipenda kuliko nafsi yake. Saa hii hekalu, saa hii soko, saa hii vikaragosi vinavyocheza juu ya maji. Katika kundi letu walikuwamo wazungu wanne wenye kamera, na mama akawa anawapa shikamoo kila asubuhi kwa kuwa wamemzidi umri. Hawakujua kuitikia, naye hakuacha.

Chakula kilitupa shida kidogo, maana nguruwe kule ni kama kuku kwetu. Mama akaamua mwenyewe tule samaki na mayai. "Samaki hana dini," alisema, na suala likaisha. Sokoni alichota mchele kwenye gunia, akaunusa, akaurudisha. "Mweupe, mzuri," alinong'ona. "Lakini haunukii. Wetu ukipikwa jirani anajua." Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akijisifia kitu.

Kisha tukaingia mto Mekong kwa boti, kwenda kulala kwa wenyeji, kama ratiba ilivyosema. Mto ule ukifika karibu na bahari hugawanyika vijito, na kando ya vijito kuna matope, minazi, mikoko na nyumba zilizosimama juu ya nguzo. Mama alisimama botini hadi dada wa kibendera akamwomba akae. Alinigeukia amekunja uso.

"We mtoto," alisema, "tumezunguka dunia nzima ili turudi Mbuchi?"

Mwenyeji wetu alikuwa bibi wa rika la mama, mjane naye, anayeishi na mwanawe na mkwewe. Ukutani, kwenye kijimeza, palikuwa na picha ya marehemu mumewe, na mbele yake kibakuli cha wali na kijiti cha uvumba kinachofuka. Mimi nilishtuka, nikadhani mama atakataa kulala humo. Mama aliunusa moshi ule, akasema, "Kila watu na maiti wao," akaingia kuswali chumbani. Usiku bibi alitoa kisahani cha tambuu: majani, popoo na chokaa, vilevile kama kwetu. Wakatafuna pamoja, midomo ikawa myekundu, hakuna aliyejua neno la mwenzake. Siku ya pili tulipelekwa kuona watu wanavyosuka mapama, zile kofia pana za majani, na wanavyopika peremende za nazi. Mama alijaribu kumsaidia bibi kuosha vyombo, bibi akamshika mkono kwa heshima na kumrudisha kwenye kiti.

Nilimwona mama anavyokikalia kile kiti. Alikaa vilevile alivyokuwa akikaa Kibiti.

"Kesho siku ya tatu," aliniambia tulipokuwa tunalala. "Tutaona."

Sikumwelewa, na nilichoka, nikalala.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Nje nilisikia kelele za dada wa kibendera, sauti imempanda hadi puani. Mpunga wa bibi ulikuwa umeiva nyuma ya nyumba, na katikati ya mpunga alikuwa mama, kanga kiunoni, anavuna. Alikuwa na kile kisu chake kidogo cha kuvunia, ambacho bila kuniambia alikuwa amekifunga kwenye pindo la kanga kutoka nyumbani. Alivuna kama tunavyovuna delta, suke moja moja, anakata, anaweka kiganjani, kiganja kikijaa anafunga. Wazungu walikuwa wanapiga picha.

"Wageni hawafanyi kazi!" dada wa kibendera aliniambia, karibu kulia. "Ofisi itasema nimewatumikisha. Na boti inasubiri!"

Bibi mwenyewe alikuja pekupeku, amefadhaika, anainama mara kwa mara mbele ya mama. Dada alinitafsiria: anaomba radhi, anauliza amekosea wapi, je, chakula hakikutosha hata mgeni akajitafutie mwenyewe?

Nilitaka ardhi inimeze. "Mama, toka humo, unatuaibisha!"

"Aibu nimepata miye," mama alisema, na hakutoka. "Mwambie hivi, na usipunguze. Kwetu mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo siku ya tatu. Nimekula kwake, nimelala kwake, nimetafuna tambuu yake. Ikiwa hata leo hanipi jembe, basi hanitaki. Anihesabu mzigo, nami nitarudi kwenye boti na hawa wenye kamera."

Nikayageuza kwa Kiingereza changu cha ubaoni, dada akayageuza kwa Kivietnam. Njia ilikuwa ndefu. Nilimtazama bibi usoni nikisubiri maneno yafike, na nilijua yamefika alipoangua kicheko, meno yote mekundu kwa tambuu. Akarudi nyumbani mbio na kuleta mundu. Alimpa mama kwa mikono miwili.

Mundu ulimshinda. Mama hakuwahi kukata mpunga kwa kuufyeka shina, aliona ni kuutesa. Akaurudisha kwa adabu na kuendelea na kisu chake. Bibi alimtazama vidole, akasema jambo, na dada akatafsiri kwamba nyanyake bibi alikuwa akivuna hivyo mpunga wa sherehe, suke kwa suke, na yeye hajauona uvunaji huo tangu utotoni. Wakafanya kazi sambamba, mmoja anafyeka, mwingine anachuma. Boti iliondoka na wazungu. Dada wa kibendera alikaa kwenye tuta, akaikunja ratiba, akavua viatu.

Jua lilipokuwa kali mama aliniita. "Muulize. Tangu mumewe afe, nani analima hapa?"

Jibu lilirudi: "Mimi."

"Na mwanawe?"

"Mwanangu ananisaidia."

Mama akainama tena kwenye mpunga. Mchana alikula wali na samaki wa nazi, akamaliza, kisha akanyoosha bakuli na kuomba ukoko. Mtu aliyekuwa akionja tu na kusukuma sahani, leo anaomba ukoko kwa watu! Nilitoka nje nikalia, na sioni haya kusema hivyo.

Tulirudi Kibiti, tukamkuta wifi amejifungua salama mtoto wa kiume. Kaka alitupokea kwa furaha, akamtazama mama, akaona mwili umerudi. Akaniangalia kwa jicho la kunipongeza.

"Kaa, mama," wifi alisema akimvutia kiti. "Pumzika na safari."

Mama hakukaa. Alisimama mlangoni, pama la Kivietnam kichwani, begi mkononi.

"Mwanangu," alimwambia kaka, "nimekaa kwako muda gani?"

"Mwaka wa tatu huu, mama."

"Watu wasionijua, walionipokea kwa kulipwa, siku ya tatu wamenipa mundu. Weye mwaka wa tatu hujanipa jembe." Sauti yake haikupanda. "Umenilisha, umenivisha, Mungu akuzidishie. Lakini nimekuwa mgeni kwa mwanangu wa kumzaa, na ugeni unaniua."

Kaka aligeuka. Akaingia dukani, tukasikia anahamisha vitu. Alitoka na jembe jipya, akakaa kizingitini na kulitia mpini yeye mwenyewe, akigongagonga muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka tumwone. Hata msibani kwa baba sikumwona akilia. Kisha akamkabidhi mama kwa mikono miwili, kama yule bibi, ingawa hakuna aliyekuwa amemweleza.

"Shamba siliuzi," mama alisema. "Jibu ndilo hilo."

Na kweli alishuka Mbuchi, akafyeka matete, kaka akampelekea watu wa kumsaidia kujenga dungu jipya, kile kibanda cha juu ya nguzo tunakokaa kuamia ndege. Likizo za shule nilikwenda kukaa naye humo, tukipiga kelele kufukuza ndege, naye amevaa pama lile hadi lilipochanikachanika. Leo hayupo, na kila nikisikia harufu ya mchele mpya unapikwa mahali namkumbuka kwa uchungu.

Lakini jioni ile ya kurudi, hata baada ya kupokea jembe, aliendelea kusimama pale mlangoni. Wifi yangu alimtazama kitambo, mtoto begani. Halafu akamlaza mtoto, akaingia jikoni, akarudi na ungo uliojaa mchele.

"Mama," alisema, "huu una chuya nyingi. Nichagulie, mikono yangu haitoshi."

Ndipo mama akavua pama, akauchukua ungo, akakaa.