Mavi ya Chuma Si Matusi

Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye mjakaranda, na mwaka jana kuna mtu alikivisha soksi. Mwenye zamu alipokigonga kikalia dup, kama mtu aliyemeza kiazi cha moto. Somo la hesabu, lile la vipindi viwili, likachelewa kuanza, na aliyefanya hivyo hakupatikana. Nalitaja jambo hilo mapema ili ieleweke kwamba mwaka huu, nikiwa Kidato cha Tatu, niliposhikwa hatimaye, nilishikwa kwa kosa ambalo sikulifanya.

Ilikuwa Wiki ya Kiswahili. Shuleni kwetu kuna kibao chenye kamba kinachoitwa diski. Siku nyingine zote huvaliwa shingoni na anayepatikana akiongea Kiswahili au Sheng. Wiki hiyo mambo hupinduliwa: ukiponyokwa na neno moja tu la Kiingereza, diski ni yako mpaka umnase mwingine. Mwezi mmoja kabla, kila darasa lilikuwa limepewa mada ya kuonyesha wageni Ijumaa ya wiki hiyo. Sisi tukapewa historia ya uchimbaji na ufuaji wa chuma. Wenzangu waliguna. Mimi nilinyamaza, na jirani yangu wa dawati akaniangalia kwa wasiwasi, maana nikinyamaza kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa Molo, kwenye mlango wa jikoni kwa shosho, nyanya yangu. Shosho ananiita shosho pia, kwa sababu nilipewa jina lake, kwa hivyo tukigombana hakuna mtu wa nje anayejua nani anamkemea nani. Mlango wake huzuiwa usijifunge na donge jeusi la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, lenye vitundu na mng'ao wa glasi upande mmoja. Likizo ya Aprili nililipiga teke kwa kidole gumba na kulitukana kwa lugha tatu.

"Shosho, usitukane hiyo," akasema bila kuacha kumenya viazi. "Ni ya baba yangu."

"Hili jiwe?"

"Nani alikuambia ni jiwe?"

Nikakaa kwenye ndoo, nikishika kidole, nikahadithiwa. Kule ukoo wetu ulikotoka, kabla ya Molo na mashamba ya wazungu, chuma hakikuchimbwa kwa shimo refu kama kwenye kitabu chetu cha historia. Kilioshwa. Mvua ikishateremsha mchanga mweusi, wanawake na watoto waliingia mtoni na kuuzungusha kwenye vibuyu vilivyokatwa. Mchanga mwepesi ukaenda na maji, ule mzito ukabaki chini. Ulikaushwa kwenye jua, kisha wanaume wa ukoo wa wahunzi wakaumwaga kwenye tanuru la udongo, tabaka la mchanga, tabaka la makaa, huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza kutwa nzima. Mwishowe tanuru lilitoa vitu viwili: chuma cha kufua majembe na visu, na uchafu wake uliochuruzika na kuganda.

"Sasa hii ndiyo hiyo ingine," akasema shosho, akilionyesha donge kwa kisu.

Yeye mwenyewe hakuliona tanuru likiwaka. Baba yake alikuwa kijana lilipozimwa. Chuma cha reli kilikuwa kimefika, na vipande vya jembe la plau, na springi za lori. Nani angechoma makaa kutwa ili apate kisu kimoja, wakati angeweza kuokota chuma kilichotupwa na kukifua papo hapo? Baba yake akahamia Molo kunoa plau za mzungu. Hakubeba nyundo, maana mzungu alikuwa nazo. Alibeba donge hilo mgongoni, na watu njiani wakamcheka.

"Mbona asibebe chuma?" nikauliza.

"Chuma unaweza kununua. Hiyo hauwezi kununua. Hiyo unapata kama ulikuwa hapo."

Basi tulipopewa mada nilirudi Molo Jumamosi, nikamwomba shosho, nikalifunga donge kwenye leso na kurudi nalo Nakuru.

Tulifanya kazi, sitanii. Mimi na jirani yangu wa dawati tulitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, tukaifunga kamba, na kila mvua ikipita tuliiburuta kwenye mtaro nyuma ya jikoni la shule. Ilitoka imeota ndevu nyeusi. Ule ndio mchanga wenyewe, uko pale kila siku, tunaukanyaga tukienda kula maharagwe. Tulijaza kopo zima. Tukachora bango: kwanza mtoni, halafu tanuru, halafu reli, halafu wale mafundi wa jua kali wanaotengeneza majiko kwa mabati ya mapipa. Likabaki donge kuandikiwa jina.

"Hii slagi tutaiitaje kwa Kiswahili?" akauliza mwenzangu, na papo hapo kiranja akamvisha diski.

Nikafungua kamusi ya shule ya Kiingereza kwa Kiswahili, ile iliyochanika jalada. Nilipofika kwenye neno nililotafuta nilipiga ukelele. Mavi ya chuma. Yameandikwa hapo, wino mweusi, hayana haya. Tulicheka mpaka mwenzangu akajifutia machozi kwa diski. Kisha tukampelekea mwalimu wa Kiswahili, mtu mpole mwenye sweta la kijani. Akasoma, akakohoa.

"Ni sahihi," akasema. "Andikeni."

Nikaandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa.

Jumatano akaja naibu wa mwalimu mkuu, tunayemwita Dipti, kukagua meza. Aliusifu mchanga na kuigusa sumaku. Kisha macho yake yakafika kwenye donge, na nikaona shingo yake ikivimba juu ya tai.

"Nani ameandika hivi?"

Darasa zima lilinitazama kabla sijainua mkono. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa na sifa.

"Ni jina lake, Mwalimu. Liko kwenye kamusi. Nikuletee ukurasa?"

"Wageni watoke wizarani waje wasome mavi mezani kwangu? Ondoa. Andika takataka ya chuma."

"Takataka ni kitu chochote kinachotupwa, Mwalimu. Hiki hakikutupwa."

Nikageuka kumtafuta mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Dipti alinipa karatasi: niandike barua kwamba nilitumia lugha chafu kwa makusudi kuiaibisha shule, niisaini, iwekwe kwenye faili langu. La sivyo niende nyumbani nilete mzazi, na meza yetu isionekane Ijumaa. Hapo ndipo nilipaswa kunyenyekea. Barua ya mistari mitatu! Nimewahi kuandika uongo mrefu kuliko huo nikiomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Lakini Dipti ndiye anayetufundisha baiolojia. Wiki iliyotangulia alitufundisha usagaji wa chakula kutoka mdomoni mpaka mwisho wa safari, na neno la Kiingereza la mwisho huo alilitamka mara nyingi, kwa fahari, akaliandika ubaoni na kulipigia mstari. Sisi tukalinakili. Kwa lugha ile ni sayansi. Kwa lugha yetu, ndani ya wiki yake yenyewe, ni matusi.

"Sitasaini," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyopanga. Nikarudia. "Sitasaini, Mwalimu."

Nyumbani mama alisikiliza huku akivua buti za kazini, akatafakari, kisha akasema hawezi kuomba ruhusa kazini kwa sababu ya mavi. "Mpigie shosho wako. Si ni yake?"

Alhamisi saa nne shosho akaingia ofisini kwa Dipti, na leso mbili na kofia ya sufu ya Molo, na harufu ya moshi. Dipti akasimama, akamvutia kiti. Alimweleza kwa upole kwamba msichana ana akili lakini ana mdomo, kwamba ameweka jiwe mezani na kuliita jina la aibu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameitwa kama shahidi, amesimama kando ya kabati.

Shosho akasubiri mpaka mwisho. Kisha akaelekeza kidole kwenye donge, lililokuwa juu ya faili za Dipti.

"Mwalimu," akasema, "hiyo mavi ni ya baba yangu."

Nikauma ulimi. Hata leo sijui niliwezaje.

"Alibeba kwa mgongo mpaka Molo. Watu wakacheka yeye, hakutupa. Sasa wewe unataka huyu mtoto aandike ni aibu. Aibu ya nani?"

Dipti akamgeukia mwalimu wa Kiswahili amwokoe.

"Kisarufi," akasema yule wa sweta la kijani, taratibu, akiangalia dirisha, "ni hayo mavi. Hayo mavi ni ya baba yake. Lakini neno lenyewe ni sahihi. Nililipitisha mimi."

Namsamehe viatu vyake vyote.

Dipti alilisogeza donge pembeni ya faili. Akasema jina litabaki mezani, ila mwanafunzi aliyemjibu mwalimu hawezi kutoka ofisini bila barua. Nikasema sawa, nitaandika, lakini ya makosa yangu tu. Nikaketi, shosho akinichungulia begani, nikaandika. Soksi ya kengele. Daktari wa meno. Chura kwenye droo ya chaki. Niliandika kurasa mbili, na mavi ya chuma hayakuwemo hata kwa mstari mmoja. Nikasaini chini, kwa jina langu, ambalo pia ni la shosho.

"Kumbe soksi ni wewe!" Dipti akafoka. Shosho akanifinya, na hakuwa ananipongeza.

Nilipewa kuosha vyoo wiki mbili, kuanzia Ijumaa. Kwa hivyo wageni walipokuja sikuwepo mezani. Nilikuwa nyuma ya shule na ndoo na brashi, na jirani yangu wa dawati akaja mbio, akihema.

"Mgeni mmoja ameuliza lile donge ni nini! Amemuuliza Dipti!"

"Akasema?"

"Alianza kwa Kiingereza. Kiranja akachukua diski, akasita. Dipti akaiona. Akavuta pumzi kama mtu anayeruka kwenye maji baridi, halafu akalitaja jina. Kwa sauti! Lote!"

"Na mgeni?"

"Ameliandika kwenye daftari lake."

Nikaegemea ukuta kidogo, nikasikiliza kengele ya reli ikilia vizuri, bila soksi. Kisha nikainua ndoo, nikarudi chooni kwa yale mengine.