Hospitali Iliyoandikwa Ndiyo

Alhamisi ilikuwa siku ya kupima wajawazito katika kituo chetu cha afya, Mulekera. Mimi ni mkunga, na siku hizo nilikuwa mkali kwa kila kitu: kadi, mizani, foleni. Kavira, mmoja wa wajawazito hao, alinitania kwamba hata mtoto aliye tumboni mwake alikuwa akiniogopa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa. Huyu wa pili pia ilibidi azaliwe penye chumba cha upasuaji, na sisi hatukuwa nacho.

Ukutani tulibandika orodha ya ofisi ya afya, inayoonyesha hospitali zipi zinafanya upasuaji. Ya karibu, upande wa Ruwenzori, iliandikwa ndiyo.

Juma lililofuata uchungu ulimshika asubuhi, risasi zikisikika upande wa mashambani. Mama yake alimleta kwa pikipiki. Nilipoanza kuandika karatasi ya transfert, ya kumhamishia hospitali ya karibu, mama huyo alinishika mkono.

“Mama, tusiende kule. Banasema docteur alikimbia, iko Butembo. Tuende ku ile ya mbali.”

Nilimjibu kwamba hapa tunafuata orodha, si maneno ya sokoni. Nilisema kwa sauti, mbele ya wanawake wengine. Akauachia mkono wangu.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Barabara ilikuwa tupu.

Risasi zilikaribia.

Langoni alikuwepo mlinzi peke yake. Aliisoma karatasi yangu yote, kwa heshima.

“Bloc iko,” alisema, akionyesha chumba cha upasuaji. “Mais docteur hapana.”

Tukageuza. Kwenye njia panda wanajeshi walikuwa wamefunga barabara tuliyokuja nayo.

Kovu la zamani lilipasuka pale pale. Kavira alifia kwenye baraza la duka lililofungwa, mtoto akiwa bado tumboni.

Nawachukia waliokuja na bunduki. Naichukia ofisi ambayo haikuona haja ya kufuta neno moja. Chuki hizo hunisaidia siku nyingine. Lakini kutoka kituoni njia ya kwenda hospitali ya mbali ilikuwa wazi asubuhi ile, na pikipiki zilipita huko mpaka mchana.

Miaka imepita. Mama yake Kavira bado anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Mwaka jana alimleta kwangu binti yake mdogo, mjamzito. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, wao wenyewe wangependa azalie wapi.

“Sema weye, mama,” alijibu. “Ni weye ulisoma.”