Nitafute, Wimbo Uliotulisha

Bendi yetu ilikuwa ya roki, na Arusha nzima hakuna aliyetaka roki. Tulifanya mazoezi nyuma ya gereji moja Ngarenaro, tumevaa makoti ya ngozi ya mitumba, tukipiga magitaa kwa nguvu hadi mafundi wanaacha spana na kwenda kunywa chai. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yalijaa vitu, kila mwenye uwezo alifanya sherehe, na sisi tulidhani watu walioruhusiwa kununua chochote wangetununua na sisi. Walinunua wimbo mmoja.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa polepole, wa mapenzi, unaitwa "Nitafute". Mwimbaji wetu, kijana wa kijiji cha Kikwe mwenye sauti nzuri na akili ya kisoda, alimtungia binti wa mfanyabiashara wa Kichaga aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Baba mtu alisema mpiga muziki ni mtu asiye na kazi. Binti hakubishana na baba yake. Aliacha tu kuja kumwona. Basi mwimbaji akatunga wimbo wa kumwambia kwamba siku yoyote akimtafuta, atamkuta palepale alipomwacha. Tuliurekodi kwa sababu upande wa pili wa kaseti ulikuwa umebaki na nafasi. Redio ikaupiga huo tu.

Tangu hapo tukawa watumwa wake. Tukianza na nyimbo zetu, watu wanakula mishikaki wametupa mgongo. Tukigusa mwanzo wa Nitafute, wamama wanalia, na wanaume wazima, madalali wa ng'ombe, wanafumba macho. Mimi nilipiga gitaa la besi, na katika wimbo ule besi haikuwa na kazi zaidi ya kutwanga palepale. Niliuchukia. Mpiga ngoma aliuchukia zaidi yangu. Tuliwahi kukubaliana tusiupige kabisa, na jioni hiyo, Usa River, watu walituzomea mpaka tukaupiga mara mbili. Aliyeupenda alikuwa mwimbaji peke yake. Mpenda chongo huita kengeza, naye aliamini kila redio inayoupiga inamfikishia binti salamu.

Kisha kamati fulani ikaja kutukodi kwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Binti alikuwa yule yule. Anaolewa na mwanasheria. Mwenyekiti wa kamati alisema bibi harusi mwenyewe ameuchagua wimbo wetu, upigwe wakati anamtafuta mchumba. Maana katika sherehe zile mchumba hujibanza katikati ya wageni, na binti hupita meza hadi meza akicheza, anajifanya hamwoni, mpaka amshike mkono na kumleta mbele kwa wazazi.

"Ameutaja mwenyewe," mwimbaji alituambia, uso umemng'aa. "Mnaelewa maana yake?"

"Anautaka wimbo," nikamjibu. "Wewe hakutaki."

Wenzangu walicheka. Yeye alikwenda kunyoa ndevu na kuazima suti.

Ukumbini binti alianza kutafuta, mpiga video akimfuata nyuma na taa yake kali. Alipita meza za wajomba, meza za kwaya, meza za majirani. Mshereheshaji, mtu wa utani wa kulazimisha, akasema kwenye kipaza sauti, "Huku hayupo jamani. Au yuko kwenye bendi?" Ukumbi ukacheka. Binti naye akaupokea utani, akaja akicheza hadi mbele ya jukwaa, anatabasamu, anatupungia.

Mwimbaji akashuka. Alishuka kweli, akasimama mbele yake na kumnyooshea mkono.

Kicheko kilikatika. Binti aliutazama ule mkono kama mtu aliyeletewa sahani ambayo hakuagiza, kisha akageuka na kuendelea kucheza. Mwimbaji alinyamaza. Wimbo haukunyamaza. Wageni wote waliujua, wakauimba bila yeye hadi mwisho, na kwa mwisho huo binti akamwibua mwanasheria wake nyuma ya nguzo. Vigelegele vikapigwa. Nilimwonea mwenzangu huruma, na nilitamani kumpiga makofi.

Mpiga video akamfuata mwenyekiti kulalamika: yule mwimbaji ameingia kwenye picha, sehemu nzuri yote imeharibika. Wakashauriana. Mwanasheria akarudi nyuma ya nguzo, anacheka, glasi mkononi.

Binti mwenyewe ndiye aliyekuja kutuambia. Mwimbaji alikuwa bado amesimama palepale chini, sisi tumeshika vyombo vyetu. Binti alimsemesha kwa upole, kama anavyosemeshwa fundi aliyekuja kazini.

"Kaka, naomba muurudie. Ila safari hii usishuke."

"Sawa, dada," akasema.

Alipanda jukwaani, akaimba mpaka mwisho, na aliimba vizuri kuliko kwenye kaseti.