Lipi Ndilo Faili la Gavana

Dada yangu mkubwa hakuwahi kumwamini mtu na hesabu zake, na wa kwanza ambaye hakumwamini ni mimi. "Mkono wako wa kushona ni mzuri," aliniambia, "lakini kichwani umejaza pamba." Karakana ya kushona ilikuwa yetu sote wawili, vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Kimoja cha cherehani na meza ya kukatia, kingine kidogo kama stoo, chenye kompyuta, feni na dada. Washonaji walimwita Gavana. Hata ukitaka hela ya zipu moja, unabisha hodi kwanza na unaeleza zipu ya jana ilikwenda wapi.

Hesabu aliziingiza mwenyewe kwenye programu ya kompyuta, kila siku baada ya chakula cha mchana, miwani imeteremka puani. Nilizoea kumchokoza kwamba ameolewa mara mbili, shemeji nyumbani na kompyuta kazini, na huyu wa kazini ndiye anayebembelezwa. Alinirushia kipande cha chaki bila kugeuka, na mara nyingi alinipata.

Kisha akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala na maneno yote yakaondoka. Alirudi kutoka hospitali akiwa mpole, jambo ambalo hajawahi kuwa tangu azaliwe. Ukimuuliza kama anataka chai, anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza kama dirisha lifunguliwe, anaitikia. Shemeji akasema mdomo tu ndio umelala, kichwa ni kizima, na sote tukashukuru. Mimi ndiye niliyepeleka habari hiyo karakanani, tena kwa sauti. Washonaji walihitaji kuisikia, na mimi nilihitaji zaidi yao.

Ng'ombe wa maskini hazai. Hospitali tuliyoishonea mashuka ikatuandikia kwamba mkataba unaisha, na anayetaka kuendelea alete hesabu zake za mwaka kabla ya Ijumaa. Bila mashuka yale, nusu ya cherehani zetu zingefunikwa, na wenye kuzikalia wangerudi nyumbani. Nikaenda kuwasha kompyuta ya Gavana. Ikanguruma kidogo, ikazima, haikuwaka tena.

Fundi wa kompyuta alikuja na laptopu yake na bisibisi mfuko mzima. Akaitoa diski ya Gavana, akahangaika nayo mpaka akaokoa vilivyookoleka, akaweka programu ileile ya hesabu kwenye laptopu na kuifungua. Ilikuwa tupu. Hakuna mteja, hakuna shuka, hakuna senti.

"Mbona hamna kitu?" nikauliza.

"Programu ni sufuria tu, mama. Chakula ni faili. Sasa niambie, faili lenyewe alikuwa akiliweka wapi?"

"Ningekuwa najua, ningekuita wewe wa nini?"

Hakukasirika. Akaiambia mashine itafute mafaili yote ya aina ile, popote yalipo. Yakatoka mengi mno, nami nilipoyasoma majina yake nikacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Karakana. Karakana mpya. Karakana mpya kabisa. Usifute. Usifute wewe. Karakana ya mwisho. Karakana ndiyo hii. Huyo "wewe" sikuhitaji kuelezwa ni nani. Nilimsikia dada katika kila jina, nikaacha kucheka.

Fundi akafungua moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa ya zamani, yameishia njiani. Mwishoni yakabaki mawili, "ya mwisho" na "ndiyo hii", yote yamefika mpaka wiki aliyoanguka, na hayakupatana. Moja lilikuwa na sare za shule tulizouza lakini halina vitambaa tulivyonunua. La pili lina vitambaa, sare hazimo. Hapo nikakumbuka tabia yake. Gavana alipotaka kujaribu jambo, kupandisha bei au kupunguza kitu, alinakili faili zima akachezea nakala, kama sisi tunavyokata kwanza kwenye kitambaa rahisi. Moja lilikuwa la kweli, ila hakuwahi kulikamilisha, jingine la kujaribia.

"Angalia tarehe," nikasema.

"Nimeyatoa kwenye diski iliyokufa. Yote yanasema yamezaliwa leo."

Risiti zilijaa maboksi hadi chini ya meza, na kuzipanga upya ilikuwa kazi ya miezi.

"Na tukipeleka lile la kujaribia?"

"Wakaguzi wa hospitali wakiligundua, mtaonekana wezi," fundi akasema. "Muulize mwenyewe. Si mnasema kichwa ni kizima?"

Mkata vitambaa, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta mkasi, akadakia, "Nenda ukamuulize. Gavana hasahau."

Nikaichukua laptopu. Shemeji alinipokea kwa furaha, akampandisha dada kwenye mito, akamfuta mdomo, akaenda jikoni kutuchemshia chai. Nikaweka laptopu mapajani pa dada. Nilipoona macho yake yametulia kwenye skrini, nikaweka kidole kwenye jina la kwanza.

"Dada, faili lako la kazi ni hili, 'ya mwisho'?"

Akaitikia. Ningeweza kumbusu. Nikaondoka na laptopu hatua mbili, kisha pamba zangu za kichwani zikanirudisha.

"Au siyo hilo, ni hili la 'ndiyo hii'?"

Akaitikia, vilevile, polepole.

Nikageuza laptopu, nikaielekeza skrini ukutani, asione kitu.

"Ni hili, dada?"

Akaitikia.

Hasira ikanipanda, sijui kwa nani. Nikamwinamia, nikafanya utani, utani wa kijinga ambao zamani ungeniletea chaki ya uso.

"Gavana, mimi ni mume wako?"

Alinitazama kwa upole mwingi, jicho moja likitokwa na maji kama kawaida yake siku hizi, akaitikia.

Nilikaa pale nimemshika mkono. Nilitaka kulia lakini nikasikia vikombe vikija.

"Amekuonyesha?" shemeji akauliza, trei mikononi, uso wake umejaa matumaini.

"Amenionyesha, shemeji."

"Si nilikwambia," akasema, akamrekebishia dada shuka. Lilikuwa mojawapo ya yale tuliyoshona sisi.

Karakanani cherehani zilinyamaza nilipoingia. Fundi alikuwa ananisubiri kwenye kile kiti cha dada, na washonaji wamejazana mlangoni. Nikaiweka laptopu mezani, nikaifungua, nikayatazama yale majina mawili mpaka herufi zikaanza kuchezacheza.

"Amesema lipi?" fundi akauliza.

Nikaweka kidole kwenye moja.

"Hili," nikasema. "Amesema hili."

Mkata vitambaa akashusha pumzi. "Gavana ni Gavana tu," akasema, na fundi akaanza kuzitoa hesabu za hospitali.